Jumapili Niliyompeleka Bi Mwantumu Kanisani

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Goba alikuwa anapika ubuyu. Harufu ya sukari inayochemka na iliki na pilipili manga ilipanda kilima, ikaingia dirishani kwangu nikiwa napiga pasi. Nilisimama kuivuta. Niliposhtuka, gauni langu la kazini lilikuwa na tundu lenye umbo la pasi.

Vijana siku hizi wakitaka umbea husema, "Lete ubuyu." Kwangu mie vitu hivyo viwili vilikuwa kimoja tangu zamani. Ubuyu wa kwanza kuujua katika maisha yangu ulipikwa na Bi Mwantumu, na umbea mkubwa wa kwanza kuuanzisha katika maisha yangu ulimhusu yeye huyo huyo.

Bi Mwantumu alikuwa mwenye nyumba wetu Kiwalani. Nyumba yenyewe ilikuwa ya ukumbi katikati na vyumba huku na huku, uani kuna choo, bomba na jiko lake la mkaa. Sisi tulipanga vyumba viwili vya nyuma. Tulitoka Tukuyu. Baba alipata kazi ya ukarani kwenye ghala moja, na mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Bi Mwantumu alikuwa Mzaramo, mjane, mnene wa kupendeza, na siku tulipoingia aliuliza jina langu. Mama akamwambia, "Anaitwa Atupele."

"Upele?" Bi Mwantumu akashika shavu. "Mtoto mzuri hivi mmempa jina la upele?"

Mama akaeleza kwamba kwa Kinyakyusa maana yake ni Mungu ametupa. Bi Mwantumu akasema Mungu ana vitu vingi vya kutoa, kwa nini atoe upele. Kuanzia siku hiyo akaniita Pele, na mtaa mzima ukafuata.

Siku yetu ya pili Kiwalani mama alikwenda kununua mkaa, mimi nikiwa mgongoni. Vichochoro vyote vilifanana, na nyumba zote zilikuwa na mabati yenye kutu na pazia mlangoni. Tulizunguka mpaka jua likageuka. Mwishowe mama akaingia kwenye nyumba ya watu, akamkuta baba mmoja amelala chumbani, akaanza kumfokea kwa nini amehamia kwetu na vitu vyetu amevipeleka wapi. Bi Mwantumu ndiye aliyetukuta pale, akatuombea radhi kwa wenye nyumba, akabeba mkaa kichwani na kutuongoza nyumbani. Njiani alimfundisha mama: hapa kwa muuza mkaa, hapa msikitini, pale kwa fundi baiskeli, kata kushoto. Hakukuwa na uchochoro asioujua.

Nasimulia hili kwa sababu ndilo lililonipoteza miaka minne baadaye, nikiwa darasa la pili.

Kanisani kwetu alikuwa amekuja mwinjilisti mpya kutoka bara, mtu mwembamba mwenye sauti ambayo haikuhitaji spika lakini alipewa spika. Jumapili yake ya kwanza alipanda madhabahuni, akanyoosha mkono kuelekea madirishani, akasema, "Kiwalani imejaa waliopotea! Wanapita hapo nje, mnawaona, mnawaacha!"

Niliingiwa na huruma. Nilijua kabisa anachozungumzia. Niliwaona watu chungu nzima wakitangatanga na vichochoro vile, na mzigo kichwani, na mtoto mgongoni.

Wiki hiyo Mwalimu Yusta wa shule ya Jumapili alitangaza mashindano. Kila mtoto alete mtu mmoja aliyepotea, na Jumapili ya mwisho ya mwezi atakayekuwa amefanya vizuri zaidi atapata zawadi. Zawadi ilitundikwa kwenye msumari ukutani: begi la shule lenye magurudumu na mpini wa kuvuta, bado lina nailoni yake. Hakuna aliyefikiria magurudumu hayo yatapita wapi, maana Kiwalani ilikuwa mchanga kiangazi na madimbwi masika. Tulilitazama begi lile kama tulivyofundishwa kuitazama mbingu.

Jumamosi nilisimama njia panda tangu asubuhi. Saa nne akatokea kijana ameshika kuku, anaangalia huku, anarudi huku.

"Shikamoo kaka. Umepotea?"

"Marahaba. Yaani nimepotea, mdogo wangu. Namtafuta Mzee Kondo, fundi cherehani. Ndiye mkwe wangu, nampelekea kuku."

"Twende," nikamshika mkono.

Nilimpeleka moja kwa moja kanisani. Kwaya ilikuwa mazoezini, na Mwalimu Yusta mwenyewe alikuwepo. Nikatangaza kwa sauti kwamba nimeleta mtu, amepotea. Kijana wa watu akavua kofia kwa heshima, akasema, "Ni kweli jamani. Nimepotea tangu asubuhi."

"Haleluya!" kwaya ikaitikia.

"Nimezunguka sana, nimechoka."

"Amina! Bwana asifiwe!"

"Na huyu kuku ana kiu."

Hapo kidogo wakasita, lakini mama mmoja alishampokea yule kuku na kumpeleka mbele kwenye meza ya sadaka. Walimwekea kijana mikono kichwani wakamwombea kwa muda mrefu, naye akafumba macho, nadhani akiamini kwamba huku mjini ndivyo watu wanavyoelekezana njia. Kazi ilikuja kwenye kumrudisha kuku.

Kijana alipoondoka, Mwalimu Yusta alinikalisha kwenye benchi. Hakucheka, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Akanieleza kwamba waliopotea si watu wasiojua njia za mtaani. Ni watu wasiomfuata Yesu. "Kwa mfano," akasema, "mwenye nyumba wenu."

"Bi Mwantumu?"

"Ndiyo."

"Lakini mwalimu, Bi Mwantumu ndiye anayejua njia."

"Si njia hiyo, Atupele."

Nilirudi nyumbani na mzigo moyoni. Bi Mwantumu kapotea, na hakuna mtu aliyemwambia! Nilimkuta uani kwenye kibao chake, anageuza ubuyu kwenye sufuria kwa mwiko, mikono myekundu mpaka kwenye viwiko. Nikachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba Pele. Usisogee, sukari hii inaunguza."

"Bibi, unajua kama umepotea?"

Mwiko ukasimama. "Nani kapotea?"

"Wewe. Wamesema kanisani."

"Mie!" Akaangalia ukuta, akaangalia choo, akaangalia bomba, kama mtu anayehakiki. "Mie kitovu changu kimezikwa hapo ulipochuchumaa. Halafu mwanangu, mie naswali. Kila siku, mara kumi na saba, mara moja kwa kila rakaa, namwomba Mungu anionyeshe njia nisije nikawa katika waliopotea. Mara kumi na saba! Nyie mnaomba mara ngapi?"

Nikahesabu. Asubuhi, kabla ya kula, kabla ya kulala. "Tatu."

"Basi." Akaendelea kugeuza. Lakini alikuwa mtu anayewajua watoto, na baada ya muda akauliza, "Wanakupa nini ukinipeleka?"

Nikamwambia kuhusu begi. Nilimweleza magurudumu, mpini na zipu tatu. Nikamwambia pia kwamba Jumapili hiyo ya mwisho ya mwezi watoto tutaimba na mimi nitasema aya ya Biblia kwa moyo, peke yangu.

"Peke yako? Mbele ya watu?"

"Ndiyo."

"Basi hilo nitakuja kulisikiliza. Hayo mengine mtajuana wenyewe. Umwambie mama yako."

Sikumwambia mama. Moyo wangu ulinishauri hivyo, na moyo wa mtoto una akili ya paka.

Jumapili ilifika. Ibada ilikuwa imeanza, tumeshaimba nyimbo mbili, nikaona vichwa vinageuka mlangoni. Bi Mwantumu aliingia na baibui lake la sikukuu, amejifukiza udi, na mkononi ana bakuli kubwa la plastiki lililofunikwa kwa sahani, kwa sababu alilelewa kwamba mgeni haendi shughulini mikono mitupu. Akasalimia benchi la nyuma, akasalimia la katikati, akaenda kuketi pembeni ya mama. Mama aligeuka jiwe. Baba alianza kusoma kitabu cha nyimbo, nacho kilikuwa kimefungwa.

Bakuli lilikuwa la ubuyu, na lilipita kwa watoto kabla ya mtu mzima yeyote kuwahi kulizuia. Tulipoitwa mbele kuimba tulikuwa na midomo myekundu kama tumetoka vitani. Nikasema aya yangu yote bila kukosea. Bi Mwantumu akasema kwa sauti, "Mashaallah!"

Mwinjilisti alikuwa amemwona tangu alipoingia. Nadhani alitupa mahubiri aliyoandaa. Alishuka kutoka mbele mpaka kwenye benchi letu, kipaza sauti mkononi.

"Tuna mgeni leo. Mama, simama tukufahamu. Unatoka wapi?"

"Natoka hapo nyuma ya msikiti."

Kanisa likaguna.

"Na nani amekuongoza kuja?"

"Huyu Pele hapa. Nimemfuata mjukuu wangu na begi lake."

Watu wakacheka, lakini mwinjilisti hakucheka. Alisogeza kipaza sauti karibu na mdomo wake. "Mama, nikuulize swali moja tu. Unampenda Yesu?"

"Nabii Isa?" Bi Mwantumu akashangaa kweli kweli. "Mwana wa Bi Mariamu? Nani asiyempenda?"

Kanisa lililipuka. Ngoma, matari, akina mama wanaruka, vigelegele mpaka mabati yakatetemeka. Na Bi Mwantumu, ambaye hakuna harusi Kiwalani iliyofanyika bila yeye, aliposikia vigelegele alishindwa kujizuia akapiga cha kwake. Kikavishinda vyote. Mwinjilisti alinyanyua mikono juu. "Kuanzia leo tutamwita Mariamu!"

"Ngoja, baba," Bi Mwantumu akamshika mkono wa shati. "Mariamu lilikuwa jina la mke mwenzangu, Mungu amrehemu. Silitaki."

"Basi Esta!"

"Niite Mwantumu. Ndilo ninaloitikia."

Lakini hakuna aliyemsikia, kwaya ilishaanza wimbo.

Saa tano mtaa ulijua kwamba Bi Mwantumu ameonekana kanisani. Saa sita alikuwa amelia kanisani. Saa saba alikuwa amebatizwa kwenye pipa, na kuna mtu aliyeliona hilo pipa. Ilipofika saa nane alikuwa ameiandika nyumba yake kwa kanisa, na ikasemwa kwamba sisi, wale Wanyakyusa wa vyumba vya nyuma, tulipandikizwa mle makusudi tangu mwanzo kwa ajili hiyo.

Mama alinipigisha magoti chumbani. Hakunipiga. Alikaa kitandani na kusema, "Atupele, tutalala wapi?" Ndipo nikaelewa kwamba nimefanya jambo kubwa kuliko begi. Baba alivuta sanduku kutoka uvunguni, akalifungua, akalifunga, akatoka nje kupunga upepo. Mimi nilikuwa na ulimi mwekundu bado, na nilikuwa nalamba kaakaa langu nikitafuta utamu uliobaki huku machozi yananitoka.

Saa tisa na nusu tulisikia sauti ya Mzee Sefu ukumbini. Huyu alikuwa kaka yake mkubwa Bi Mwantumu na muadhini wa msikiti. Sauti yake tulikuwa tunaijua vizuri, ilituamsha kila alfajiri, lakini safari hii haikuita watu kwenye sala.

"Mwantumu! Uko wapi? Nimekuletea wageni wako! Nimewaokota kule kwa fundi baiskeli, wamezunguka pale mara tatu, watu wamewadhania wezi!"

Nikajikokota kwa magoti, nikachungulia pazia. Nyuma ya Mzee Sefu walikuwa mwinjilisti na wazee wawili wa kanisa, wanavuja jasho, suruali zina matope hadi magotini. Walikuja kumtembelea muumini mpya wakapotea vichochoroni. Mzee Sefu, akiwa njiani kuja kugombana, aliwakuta, wakamwomba awaelekeze kwa Bi Mwantumu, na kwa kuwa yeye ni mtu mstaarabu alishindwa kukataa.

Bi Mwantumu aliwatandikia mkeka wote wanne uani. Akawamiminia maji. Halafu akakaa kwenye kibao chake, akaanza kuchambua mbegu za ubuyu kana kwamba ni Jumapili kama Jumapili nyingine.

"Haya, kaka. Sema."

"Nasikia umetoka kwenye dini."

"Nilikwenda na dini yangu nikarudi nayo. Nilivyokwenda kwenye msiba wa yule Mchaga wa duka, uliniuliza?"

"Na nyumba ya baba umewaandikia hawa!"

"Hati iko chini ya godoro, na godoro nalilalia mie. Nani kaja kuninyanyua?"

Mzee Sefu akahema. "Hata hivyo, hao wapangaji wako wahame. Mwisho wa mwezi huu. Ndio wameleta yote haya."

Nyuma yangu nilisikia mama anavuta pumzi.

Bi Mwantumu alimgeukia mwinjilisti, ambaye alikuwa ameshikilia kikombe cha maji kwa mikono miwili.

"Na wewe baba. Nilikuwa mgeni kwako leo. Uliniuliza mbele ya watu wako kama nampenda Nabii Isa, nikakujibu kwa adabu. Sasa Ijumaa ijayo uje kwetu. Kaka yangu akukalishe mbele, naye akuulize kama unampenda Mtume wetu, mbele ya watu wetu. Utajibuje?"

Mwinjilisti alikunywa maji kidogo. Wazee wake wawili walikuwa wanasoma mkeka.

"Mama," akasema mwishowe, na bila spika sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sauti ya mtu aliyetembea juani, "nitajaribu kujibu kwa adabu."

"Vizuri. Na sie tutapiga kelele na kukubadilisha jina?"

Halafu Mzee Sefu, bila kutabasamu, akasema, "Abdallah. Jina zuri."

Aliyeanza kucheka ni mzee mmoja wa kanisa. Alijaribu kukizuia kicheko kikamtokea puani. Akafuata Mzee Sefu mwenyewe, mabega yanatetemeka, na mwisho mwinjilisti akacheka mpaka maji yakamwagika. Hawakuwa marafiki baada ya pale, nisiwadanganye. Spika ziliendelea kushindana mtaani kama kawaida. Lakini mwinjilisti alisema, "Mama, nilikosea namna nilivyofanya," na nimewasikia wahubiri wengi tangu siku hiyo, sijasikia mwingine akisema hivyo.

Walipoinuka Bi Mwantumu alimwambia kaka yake, "Wasindikize mpaka barabarani, wasije wakazunguka tena. Na wapangaji ni wangu. Nitaongea nao mwenyewe."

Akaja chumbani kwetu. Alikuwa hajawahi kuingia, kila mara aliishia mlangoni. Mama akapiga magoti hapo hapo, kwa heshima ya kwao, akaanza kuomba radhi kwa Kiswahili cha darasani kilichomwishia njiani.

"Inuka," Bi Mwantumu akasema. "Mie sikukasirikii kwa ajili ya mtoto. Mtoto kaniita. Nyie mmekaa kwangu Krismasi nne. Kila Krismasi mnapika, mnashusha pazia, mnanipitishia sahani imefunikwa kama naumwa. Hata siku moja hujaniambia, Bi Mwantumu, karibu ndani."

Mama aliangalia chini. "Niliogopa utakataa."

"Ningekataa," Bi Mwantumu akasema. "Lakini ungekuwa umeniita."

Mama alilia. Bi Mwantumu akamwacha alie kidogo, halafu akaniangalia mimi pale chini kwenye magoti yangu, akauliza begi liko wapi. Nikamwambia nimenyimwa. Alipewa mtoto mmoja aitwaye Elia, ambaye alileta binamu zake sita kutoka mkoani, wote wameokoka tangu tumboni mwa mama zao. Magurudumu yalikatika kabla ya Ijumaa.

Hatukuhama. Tulikaa nyumba ile miaka mingine saba, na jambo moja lilibadilika. Kila Jumapili asubuhi, tukishavaa, mama alikuwa anasimama mlangoni kwa Bi Mwantumu na kubisha hodi.

"Bi Mwantumu, shikamoo. Twende kanisani?"

"Marahaba. Nendeni, mie nalinda nyumba."

Na yakifika maulidi, Bi Mwantumu alikuja kusimama mlangoni kwetu, amejipamba. "Mama Pele, twende maulidini?"

"Nenda tu, bibi. Nina madaftari ya kusahihisha."

Hakuna aliyewahi kwenda kwa mwenzake, na hakuna aliyewahi kuacha kuita. Jumapili moja tulichelewa kuamka. Mama alikuwa anahangaika na kiatu cha mdogo wangu, baba keshatangulia, tukatoka mbio tukapita ukumbini bila kusimama. Tulikuwa tumeshafika nje tuliposikia mlango unafunguliwa nyuma yetu. Bi Mwantumu alitoka na kanga ya kulalia, mikono kiunoni, kavimba.

"Mama Pele! Leo huniiti?"

Mama akarudi mpaka kizingitini, akahema, akaweka Biblia yake kwapani. "Samahani Bi Mwantumu. Twende kanisani?"

"Siendi," akasema, akafunga mlango, karidhika.